Mtoto Akipimwa, Analinganishwa na Nani?

Mwalimu wa darasa la tatu anapomwita mzazi pembeni na kumwambia, "Mama, huyu mtoto inabidi apelekwe akapimwe," mzazi wa Mbalizi au Mafinga, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, hurudi nyumbani na hofu mbili. Ya kwanza, kwamba mwanawe anaambiwa ana kichaa. Ya pili, kwamba huko Hospitali ya Rufaa kuna mashine atakayovishwa kichwani isome akili imebaki kiasi gani, kama mita ya umeme ya Luku inavyosoma uniti.

Kipimo chenyewe hakina mashine wala sindano. Ni mtu mzima mmoja ameketi mezani na mtoto mmoja, saa moja au mbili, anampa kazi ndogondogo: apange vibao vifanane na mchoro, arudie namba alizozisikia, aseme vitu viwili vinafananaje, aendeleze mfuatano wa maumbo pale ulipoachwa. Kila mtoto hupewa kazi hizo kwa maneno yaleyale na kwa mpangilio uleule. Mwishoni mpimaji hufungua kitabu cha viwango, akalinganisha alichofanya huyu na walichofanya watoto wengine wa umri wake.

Watoto wengine wepi? Mzazi akilishika swali hilo moja, sehemu kubwa ya fumbo la vipimo inafunguka yenyewe.

Tuanze na namba, maana ndizo zinazowavuruga watu. Mzazi aliyezoea matokeo ya shule akikabidhiwa karatasi yenye 85 anaweza kuchinja kuku, kwa sababu shuleni 85 ni A isiyo na ubishi. Kwenye vipimo vya uwezo wa kufikiri, 85 ni habari nyingine. Vipimo hivi vimepangwa ili mtoto aliye katikati kabisa ya rika lake apate 100. Mia hiyo haina maana kwamba amepata yote. Ni wastani tu. Asilimia kama 68 ya watoto huangukia kati ya 85 na 115, na asilimia kama 95 huangukia kati ya 70 na 130. Mwenye 85 basi yuko ukingoni mwa lile kundi kubwa la kawaida: ukiwapanga mstari watoto mia wa umri wake, karibu 84 wako mbele yake na 16 wako nyuma.

Karatasi hiyohiyo huwa na safu nyingine, inayoonyesha nafasi ya mtoto kati ya watoto mia, na hiyo huwaliza watu bure. Mama anaona 25, anaisoma kama 25 kwa mia, anajua mtoto amefeli. Kumbe maana yake ni kwamba mtoto amewapita wenzake 25 kati ya mia, na bado yuko ndani kabisa ya wigo wa kawaida. Nadhani mpimaji anayempa mzazi karatasi hiyo bila kukaa naye dakika ishirini kumfafanulia amefanya nusu ya kazi.

Halafu namba yenyewe inacheza. Mtoto yuleyule akipimwa Jumatatu akapata 84, wiki nyingine angeweza kupata 89 bila akili yake kuongezeka hata chembe. Amelala vizuri, ameshiba, amemzoea mpimaji. Ndiyo maana ripoti nzuri huandika wigo: "kati ya 79 na 91". Ripoti inayotaja namba moja tu, kisha ikamjengea mtoto maisha yake yote juu ya namba hiyo, haifai kuaminiwa sana.

Sasa turudi kwa wale watoto wa kulinganishwa nao. Kipimo cha kwanza cha aina hii kilitoka Paris mwaka 1905, kazi ya Alfred Binet na Théodore Simon. Serikali ya Ufaransa ilitaka kujua ni watoto gani wanaohitaji msaada wa pekee ili waweze kusoma, na ili uamuzi huo usiachiwe hisia za mwalimu peke yake. Lengo lilikuwa msaada. Binet mwenyewe alikataa wazo kwamba akili ni kiasi kilichofungwa ambacho hakiongezeki. Lakini chombo kikitoka mikononi mwa fundi wake huenda kinakotaka. Mwaka 1912 Mjerumani William Stern akapendekeza kuigeuza akili kuwa namba moja kwa kugawanya umri ambao uwezo wa mtoto unalingana nao kwa umri wake halisi, na mwaka 1916 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford akakitengeneza upya kipimo cha Binet kwa ajili ya Marekani, ambako kilianza kutumika kuwapanga watu madaraja. Mwaka 1979 jaji mmoja wa mahakama ya shirikisho huko California alizuia vipimo vya akili kutumika kuwapeleka watoto weusi kwenye madarasa ya wenye ulemavu wa akili, kwa sababu watoto hao walikuwa wamejazana humo kupita kiasi.

Kipimo kinachojulikana zaidi leo kwa watoto wa shule ni kile alichokianzisha David Wechsler mwaka 1949. Toleo lake la tano, la mwaka 2014, viwango vyake vilipatikana kwa kuwapima watoto 2,200 wa Marekani wenye umri wa miaka 6 hadi 16. Kwa mtoto wa Marekani, ulinganisho huo una maana. Mtoto wa Ileje akipimwa kwa kitabu hichohicho, namba itakayotoka inajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza: huyu angekuwa wa ngapi kati ya watoto wa Marekani?

Kuna jaribio moja la jirani zetu ambalo kila mwalimu wa kanda hii angepaswa kulijua. Mwaka huohuo wa 1979 Robert Serpell, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Zambia, alichapisha matokeo ya kuwalinganisha watoto wa Lusaka na wa Manchester, Uingereza. Aliwapa kazi moja kwa njia tofauti: nakili umbo hili. Walipopewa penseli na karatasi, wa Manchester waliongoza. Walipopewa waya, wa Lusaka waliongoza. Kwenye udongo wa kufinyanga, na kwenye kuiga mkao wa mikono, makundi hayo hayakuachana. Ukiangalia penseli peke yake utasema Mwafrika ana shida ya kuona maumbo. Ukiangalia waya peke yake utasema shida iko Ulaya. Mtu aliyepita vijiji vya Mbozi au Ludewa hashangai, maana ameona mtoto wa miaka minane akisukuma gari la waya lenye usukani mrefu, magurudumu yanayokata kona na bodi yenye uwiano, alilolitengeneza bila mchoro. Mtoto huyo mpe vibao vyekundu na vyeupe ambavyo hajawahi kuviona, huku saa ya sekunde inahesabu, uone atakavyoduwaa. Wazambia hawakuishia kulalamika. Walitengeneza kipimo chao ambacho mtoto hufinyanga mtu kwa udongo badala ya kumchora.

Saa nayo ina hadithi yake. Katika nyumba nyingi za Wanyakyusa, Wahehe na Wabena, mtoto akiulizwa na mtu mzima mgeni, adabu ni kutulia kwanza, kuinamisha macho, ajibu kwa sauti ya chini. Kujibu haraka huku unamkodolea mkubwa ni utovu wa adabu. Kipimo chenye muda kinamkata alama kwa malezi mema. Isitoshe, mtu mzima anayeuliza jambo analolijua waziwazi, "hiki ni nini?" huku ameshika kikombe, anamtia mtoto wasiwasi kwamba hapa kuna mtego.

Kwenye lugha kuna jambo dogo ambalo wengi hawalitegemei. Kazi ya kurudia namba huonekana haina utamaduni wowote: namba ni namba. Lakini kichwa hushika zile tunazoweza kuzirudia moyoni ndani ya sekunde chache tu. Mwaka 1980 watafiti wa Wales, Uingereza, walionyesha kwamba namba za Kiwelshi, ambazo huchukua muda mrefu zaidi kutamkwa kuliko za Kiingereza, zilifanya watu wakumbuke namba chache zaidi katika Kiwelshi kuliko Kiingereza, na watu ni walewale. Hesabu za kwetu, tatu, sita, saba, tisa, zote ni silabi mbili. Za Kiingereza karibu zote ni silabi moja. Ukitafsiri maelekezo kwa Kiswahili ukaacha viwango vya Kiingereza, umemkata mtoto alama kabla hajafungua mdomo. Na hapo bado hatujagusa mtoto wa Busokelo au Makete aliyeanza darasa la awali akiwa na Kinyakyusa au Kikinga, Kiswahili anakisikia redioni.

Je, basi vipimo vyote ni uongo wa Wazungu? Hapana, na nina wasiwasi na wanaoishia hapo, kwa sababu mtoto mwenye shida halisi naye huachwa hivyohivyo. Mchukue binti wa darasa la nne, mpole, mwandiko wake ndio mzuri kuliko wote, ananakili ubao mzima bila kukosea herufi. Walimu wanampenda. Fungua daftari lake mwenyewe, weka kidole kwenye neno "kalamu", mwambie asome. Anatazama dari. Amekuwa akichora herufi kwa miaka minne, hajasoma hata moja. Hakuna atakayemgundua kwa kumtazama, kwa sababu hasumbui mtu. Kipimo kizuri kingemgundua kwa nusu saa. Na kwa kuwa Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, mwenye tatizo la kusoma aliyejitahidi huweza kusoma maneno kwa usahihi ila taratibu mno, silabi kwa silabi, mpaka akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshapotea. Hapo kupima muda kuna faida.

Vipimo vilivyotengenezwa jirani na kwetu pia vipo. Ng'ambo ya Mto Songwe, Malawi, kuna kipimo cha makuzi ya watoto wadogo kilichochapishwa mwaka 2010, chenye vipengele 136 vya mwendo, mikono, lugha na mahusiano, na viwango vyake vilitokana na watoto zaidi ya 1,400 wa vijijini hukohuko Malawi. Pwani ya Kenya kuna cha Kilifi, kwa watoto wachanga na wanaojifunza kutembea. Na karibu na Bagamoyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 na Robert Sternberg na wenzake ulijaribu njia ambayo binafsi naiona inatufaa kuliko zote: mpime mtoto, mfundishe kwa muda mfupi, usiofika saa nzima, namna ya kuikabili kazi hiyo, halafu mpime tena. Alama zilipanda, na mpangilio wa nani wa mbele nani wa nyuma ulibadilika sana. Kipimo cha mara moja kilikuwa kimeonyesha zaidi nani amewahi kukutana na mambo kama hayo.

Kabla ya kufika kwa mwanasaikolojia kuna mambo ya kuondoa njiani, na hapa Nyanda za Juu Kusini tunayo mengi. Masikio kwanza. Mtoto aliyetoka usaha masikioni tangu utotoni husikia nusu ya somo, akaitwa mzito. Macho. Kisha kuna kifafa kisicho cha kuanguka: mtoto anazubaa sekunde chache katikati ya sentensi, kope zinapepesa, anarudi hajui mmefika wapi, mwalimu anamwandika kuwa hana usikivu. Malaria kali iliyopanda kichwani, ya Kyela au bonde la Usangu, inaweza kuacha alama kwenye kumbukumbu na lugha. Na udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa lishe duni: takwimu za kitaifa za mwaka 2022 ziliweka Iringa kwenye asilimia 57 ya watoto chini ya miaka mitano, na Njombe 50, wakati taifa zima ni 30. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi mahindi na viazi. Udumavu haumaanishi kwamba kila mtoto mfupi ni mzito darasani, ila unamwambia mpimaji asikimbilie kuiita alama ya chini tabia ya kuzaliwa nayo.

Sababu nyingine haina uhusiano wowote na ubongo. Kijana aliyefaulu vizuri darasa la saba kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza, kila kitu kimegeuka Kiingereza, anashika mkia. Wazazi wanaanza kuulizana amerogwa na nani.

Sehemu ambayo wazazi hawajui kwamba wana nguvu ni hii: kwa miongozo ya kitaalamu, mtoto hawezi kuitwa mwenye ulemavu wa akili kwa alama ya kipimo peke yake. Alama iwe chini sana, karibu na 70 au chini yake, na pia maisha ya kila siku yawe yanamshinda kwa kiwango ambacho wenzake wa umri huo hayawashindi, na hali hiyo iwe imeanza utotoni. Hilo la pili haliko kwenye vibao. Liko kwa mama, kwa bibi, kwa jirani. Anaweza kutumwa mashineni na debe la mahindi, akarudi na unga wake na chenji isiyopungua? Akiachiwa mdogo wake, anajua kwamba leo ana homa? Anavaa sweta mwenyewe? Ukimpa maagizo mawili kwa pamoja, anatekeleza yote au anarudi kuuliza la pili? Akidanganywa na wenzake, anagundua? Mtoto aliyepata 66 na bado hayo yote anayaweza ana tatizo lingine, la lugha, la kusikia, la kutozoea kipimo, siyo ulemavu wa akili. Na aliyepata 74 ambaye hata choo kinamshinda akiwa na miaka tisa anahitaji msaada, hata kama namba imevuka mstari.

Huko Katete, mashariki mwa Zambia, Serpell aliwauliza wazee wa kijiji ni mtoto gani wangemtuma kwa jambo muhimu, na kwa nini. Majibu yao kuhusu nani ana akili hayakuendana na alama za vipimo vya mtindo wa shule. Wazee walikuwa wanapima akili pamoja na uaminifu na kujituma. Mpimaji asiyeuliza nyumbani hukosa hayo yote.

Kuna pia hojaji fupi anazopewa mwalimu au mzazi kujaza. Inayotumika sana ni ya maswali 25 aliyoitunga Robert Goodman mwaka 1997, kuhusu hisia, tabia, utulivu, marafiki na utu wema. Na nyingine ya maswali 20 kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, ya dalili za usonji, hali ya ubongo inayoathiri mawasiliano na mahusiano ya mtoto. Hizi ni chujio. Jibu lake ni "achunguzwe zaidi" au "kwa sasa hapana". Mtu akikuambia mwanao ana usonji kwa sababu ya hojaji ya dakika kumi, au ya programu ya kwenye simu, muombe uchunguzi kamili. Na yule anayesoma roho ya mtoto kutokana na mchoro mmoja wa nyumba na mti, mimi simpi uzito.

Kwa vitendo, njia huanzia kwa mwalimu wa darasa na mwalimu wa elimu maalumu kama shule inaye, halafu afisa wa elimu maalumu wa halmashauri, sambamba na hospitali kwa ajili ya macho, masikio na historia ya magonjwa. Wanaohitaji zaidi hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au mbele zaidi. Beba kadi ya kliniki na madaftari ya mwaka huu na mwaka jana. Kadi inasema alizaliwa na uzito gani na alivyokua, madaftari yanasema shida ilianza lini. Usimfundishe majibu. Mwambie ukweli kwamba anakwenda kufanya kazi za mezani na mtu atakayetaka kujua anavyofikiri. Kama unatoka Isangati kwa bodaboda ya alfajiri mwezi wa saba, fikeni mapema, anywe uji, vidole vitoke ganzi kwanza. Vibao havipangiki kwa mikono iliyokufa baridi. Na akiwa anaumwa siku hiyo, ahirisheni. Mpimaji wa kweli hatakasirika.

Muulize mambo manne kabla hajaanza: mnatafuta kujua nini, kipimo kinaitwaje, atapimwa kwa lugha gani, na viwango vyake vimetokana na watoto wa wapi. Asipokuwa na viwango vya hapa, bado anaweza kufanya kazi nzuri kwa kutazama mtoto anavyokosea, anapopata msaada kidogo anafika wapi, na wapi ana nguvu kuliko pengine. Hayo yaandikwe kwenye ripoti kwa sentensi, siyo kwa namba.

Ripoti ni ya mtoto na ya mzazi. Haisomwi kwa sauti kwenye ofisi ya walimu, wala haimpi yeyote ruhusa ya kumwita mtoto "wa kitengo", yaani wa darasa la elimu maalumu, uwanjani. Kwa aliye chini ya miaka sita, irudiwe baada ya mwaka au miwili, maana alama za umri huo huhama sana. Mapendekezo yaseme nani afanye nini: akae dawati la mbele, maelekezo apewe moja moja, asome kwa sauti dakika kumi kila siku na dada yake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mwenye ulemavu haki ya kusoma kama wenzake, na Baraza la Mitihani hutoa muda wa ziada na karatasi za maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, mradi shule iwe imewaombea. Kwa hiyo nakala moja ya ripoti, yenye tarehe, jina la kipimo na sahihi, ifike kwa mwalimu mkuu kabla usajili wa watahiniwa haujafungwa. Nakala nyingine ibaki nyumbani pamoja na kadi ya kliniki.